Waya Kwanza, Kamera Baadaye: Namna ya Kupanga Mfumo wa Kamera za Ulinzi Nyumbani

Kamera ya getini ilikuwa inaonyesha vizuri kutwa nzima, lakini kila siku, ikikaribia saa moja jioni, picha ilipotea. Baada ya nusu dakika ilirudi, ikakaa kidogo, ikapotea tena, na hali hiyo iliendelea hadi kulipokucha. Mwenye nyumba, mzee mmoja wa Mbezi jijini Dar es Salaam, alikuwa ameshabadilishiwa kamera mara mbili na fundi aliyemfungia, na kila mara kamera mpya iliugua ugonjwa uleule. Nilipofika nilipanda ngazi, nikafungua kiungio na kupima umeme unaofika pale: mita ilisoma volti 9.5, ilhali kamera ilitakiwa kupata 12. Tulisubiri giza liingie. Taa za infraredi za kamera, zinazoiwezesha kuona gizani, zilipowaka, mita ilishuka chini ya volti 8 na kamera ikazima. Ilipozima, mzigo uliondoka, volti zikapanda, kamera ikajiwasha, taa zikawaka, na kila kitu kikaanza upya. Kamera zote tatu zilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye mita sitini za waya zilizopita ukutani na juu ya dari, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuangalia.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinafunua mpangilio halisi wa kazi hii. Kamera ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha: unafungua skrubu tatu, unachomoa kiungio, unaweka nyingine. Waya hukaa ukutani miaka kumi au kumi na tano, na kuubadilisha maana yake ni kubomoa lipu, kupaka rangi upya, na wakati mwingine kung'oa vigae. Hata hivyo wengi wetu hupanga kinyume. Tunakwenda Kariakoo, tunanunua boksi lenye kamera nne, mashine ya kurekodia na roli la waya, kisha tunamwachia fundi aamue kila kimoja kikae wapi. Mpango unaofaa huanza na kile kinachotakiwa kuonekana, ukaja mahali pa kukionea, ukafuata njia ya waya na umeme wake, na mwisho kabisa ndipo kamera ichaguliwe.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza idadi ya kamera, jiulize unataka picha ikuambie nini. Kuona kwamba kuna mtu uani ni jambo moja, na kumjua ni nani ni jambo jingine, na kamera moja mara chache hufanya yote mawili. Kiwango cha kimataifa cha mifumo hii, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitoa kipimo kinachosaidia sana: ili uweze kumtambua bila shaka mtu usiyemfahamu, picha inapaswa kuwa na pikseli (nukta zinazounda picha) 250 kwa kila mita ya upana pale aliposimama, kwa mtu unayemfahamu pikseli 125 zinatosha, na kwa kujua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25. Sasa chukua kamera ya kawaida ya pikseli milioni 4, ambayo picha yake ina upana wa pikseli 2,560. Ukigawa kwa 250, unapata kama mita 10 za upana. Lenzi ya milimita 2.8, inayotazama pembe ya kama nyuzi 100, hufikisha upana huo mita nne na kidogo tu kutoka kwenye kamera. Lenzi ya milimita 6, yenye pembe ya kama nyuzi 50, huufikisha kwenye mita 11.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza kwa nini rekodi nyingi za wizi hazisaidii polisi. Kamera yenye lenzi ya milimita 2.8, ikifungwa kwenye kona ya nyumba iliyo mita 15 kutoka getini, itaonyesha ua wote kwa picha ya kupendeza: gari, maua, tangi la maji, hata paka wa jirani. Lakini mtu aliyesimama getini atapata pikseli kama 70 kwa mita, yaani uso wake utakuwa na upana wa pikseli kumi na moja hivi, na hakuna programu ya kukuza picha itakayorudisha kile ambacho lenzi haikukiona. Geti linahitaji kamera yake yenyewe, iliyo karibu, yenye lenzi ya milimita 4 au 6. Urefu nao una uzito wake. Mafundi wengi hupandisha kamera mita nne au tano ili isifikiwe na mkono, na matokeo yake ni rekodi safi za vilele vya kofia. Mita mbili na nusu hadi tatu ni urefu unaoona uso, na kamera nyingine inayoitazama ile ya kwanza ni kinga bora kuliko kuipandisha juu.

Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi kwa vipimo vyake, kisha utembee uani usiku ukiwa na tochi, na kujiuliza ungepitia wapi kama ungetaka kuingia bila kuonekana. Nyumba nyingi za vyumba vitatu zilizozungushiwa ukuta zina njia zilezile: geti, mlango wa jikoni, na ule uchochoro mwembamba kati ya nyumba na ukuta wa jirani ambao taa haiufikii. Kwa maoni yangu kamera nne zilizopangwa vizuri huzishinda nane zilizotawanywa, ingawa mashine ya kurekodia ni bora iwe na nafasi za kamera nane, kwa kuwa nyumba zetu huongezeka.

Kuhusu aina ya mfumo sitakawia. Kamera za waifai huuzwa kwa jina la kamera zisizo na waya, lakini zisipokuwa za betri zinahitaji waya wa umeme hata hivyo, na ukuta wa tofali za saruji wenye nguzo za nondo hupunguza mawimbi kiasi kwamba kamera ya nyuma hukatika wakati inapohitajika. Zinamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Mfumo wa kebo ya koaksia, ile nene kama ya antena ya televisheni, na mashine yake ya kurekodia iitwayo DVR bado ni mzuri kwa nyumba iliyokwisha kupitishiwa kebo hiyo, na simshauri mtu aing'oe. Kwa nyumba inayoanza upya, chaguo langu ni kebo ya mtandao, ambayo hubeba picha na umeme kwa pamoja, na mashine ya kurekodia inayoitwa NVR.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa jozi nne, na kiwango chake kinaruhusu mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kiwanja cha mita 25 kwa 30 kinaonekana kuwa mbali sana na kikomo hicho, lakini waya haupiti hewani. Unapanda ukuta mita tatu kutoka kwenye mashine, unavuka dari, unashuka tena, unafuata ukuta wa nje hadi kwenye geti, na umbali ambao jicho lilisema ni mita 25 unakuwa 45 au 50. Ninachofanya ni kuchukua kamba, kuipitisha njia yote kama waya utakavyopita, kisha kuipima, na kuongeza mita mbili au tatu kila mwisho. Umbali ukizidi mita 100, kama kwenye shamba lenye nyumba ya uani iliyo mbali, weka katikati swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha kebo kadhaa na kupitisha mawasiliano, au tumia faiba, kebo ya kioo inayobeba mawasiliano kwa mwanga.

Kebo hizi huuzwa kwa madaraja. Kwa upande wa kasi, daraja la Cat5e linatosha kabisa, maana kamera moja hutumia megabiti nne hadi nane kwa sekunde wakati kebo hiyo hubeba megabiti elfu moja. Cat6 ina faida nyingine: kwa kawaida shaba yake ni nene zaidi, hivyo hupoteza umeme kidogo. Lakini tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ile iliyomtesa mzee wa Mbezi. Kebo nyingi za bei rahisi si za shaba. Ni za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na mara nyingine boksi lake huandikwa herufi CCA kwa maandishi madogo. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba, kwa hiyo ukinzani wa waya, yaani namna unavyouzuia umeme kupita, huongezeka kwa zaidi ya nusu, na juu ya hapo waya wenyewe ni mwepesi kukatika unapobanwa kwenye kiungio. Viwango vya kebo za mtandao haviitambui kabisa. Kuijua si vigumu: kwangua waya mmoja kwa wembe, na ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha boksi dukani. Uzito nao husema. Roli la mita 305 la shaba tupu lina kilo nne na nusu hivi za shaba, ilhali nyaya za lile la alumini hazifiki nusu ya uzito huo, na aliyewahi kubeba yote mawili begani hahitaji mizani.

Kwa nini ukinzani una uzito kiasi hicho? Kamera ya wati 6 inayolishwa volti 12 huvuta nusu ampea. Katika mita 100 za shaba nzuri, kwenda na kurudi, jozi moja ikienda na nyingine ikirudi, kuna ukinzani wa kama omu 8.4, hivyo zaidi ya volti 4 hupotea njiani. Kamera ikipokea volti pungufu hujaribu kufidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, upotevu unaongezeka, na mwisho wake ni kuzima. Kamera ileile ikilishwa volti 48 huvuta moja ya nane ya ampea, na kwenye waya uleule hupoteza volti 1 tu kati ya 48. Hii ndiyo maana ya PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao kwa volti za juu. Kiwango chake cha kwanza, IEEE 802.3af cha mwaka 2003, kinatoa wati 15.4 kwenye swichi na kuhakikisha wati 12.95 zinafika kwenye kifaa, na kile cha mwaka 2009, 802.3at, kinafikia wati 30 kwenye swichi, kiasi kinachofaa kamera zinazozunguka. Swichi ya kiwango huuliza kwanza kama kifaa kilichochomekwa kinahitaji umeme, ndipo iutoe. Zipo nyingine za bei ndogo zinazosukuma umeme bila kuuliza, na hizo zinaweza kuunguza kompyuta iliyochomekwa kwa bahati mbaya, nazikwepa. Angalia pia jumla ya wati ambazo swichi au NVR inaweza kutoa kwa wakati mmoja, kwa sababu matundu manane hayamaanishi mara nane ya wati 15.4, na ujumlishe mahitaji ya kamera za usiku, taa zikiwa zimewaka.

Njia ya waya hupangwa vizuri zaidi nyumba ikiwa bado kwenye tofali. Tunajenga kidogokidogo, msingi mwaka huu, kupaua mwaka ujao, na ucheleweshaji huo, ambao kwa mengine hutuchosha, hapa unatupa nafasi. Kabla ya lipu, pitisha mabomba ya PVC ya milimita 25 kutoka chumba cha mashine hadi kila mahali ulipoweka alama kwenye ramani, hata kama fedha za kamera zitapatikana baada ya miaka mitatu. Acha kamba ya nailoni ndani ya kila bomba ili waya uvutwe baadaye. Usiweke kona zaidi ya mbili kati ya boksi na boksi, na kona zenyewe ziwe za mviringo, kwa kuwa kebo haitakiwi kukunjwa kwa kipimo kilicho chini ya mara nne ya unene wake, na kuivuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 11 hivi hunyoosha misokoto inayolinda mawasiliano. Piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia ndani ya picha kabla lipu haijapigwa. Picha hizo zitamwokoa fundi wa pazia atakayekuja na drili miaka mitano baadaye.

Waya wa kamera na waya wa umeme wa volti 230 visikae bomba moja hata kwa mita moja. Sababu ya kwanza ni maisha ya watu: ganda likichubuka, umeme mkubwa unaingia kwenye kamera, swichi, na mkono wa atakayezishika. Sababu ya pili ni vurugu kwenye mawasiliano. Zikienda sambamba ziachane kama sentimita 20, na zikipishana zikate kwa pembe mraba. Juu ya dari pia kebo ipite ndani ya bomba, kwa sababu panya hutafuna ganda lake.

Nje ya nyumba, hasa huku pwani, adui ni jua, chumvi na maji. Kebo ya kijivu ya ndani hupasuka ganda baada ya kukaa juani, hivyo tumia nyeusi ya nje inayovumilia jua, na kwa sehemu inayopita chini ya ardhi tumia ile iliyojazwa jeli, kwa kuwa bomba lililofukiwa huingia maji hata likigundishwa vizuri namna gani. Kila kamera iwe na boksi lisilopitisha maji nyuma yake, na kiungio kikae humo. Nimefungua mengi yaliyoachwa wazi na kukuta meno ya kiungio yamegeuka kijani na sisimizi wamejaza mayai. Kabla kebo haijaingia kwenye boksi ishushwe kidogo chini ya tundu kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kitanzi hicho yasifuate waya hadi ndani. Na rangi za nyaya zipangwe kwa mpangilio wa kiwango pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wapo mafundi wanaopanga kwa mpangilio wao, mradi pande zote zifanane, na picha huonekana. Lakini jozi zinakuwa zimetenganishwa, na kwenye umbali mrefu picha huanza kukatakata bila sababu inayoonekana.

Ukubwa wa diski unapatikana kwa hesabu nyepesi. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza nusu megabaiti kila sekunde, na siku ina sekunde 86,400, hivyo kamera moja hula gigabaiti 43 kwa siku na kamera nne 173. Diski ya terabaiti 2 itahifadhi siku 11, ya terabaiti 4 siku 23. Kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo huongeza siku, lakini kwa kamera ya geti napendelea irekodi mfululizo. Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi hii, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, kwa sababu diski ya kompyuta ya kawaida haikukusudiwa kuandika saa 24 kila siku. Mashine isikae sebuleni chini ya televisheni, ambako mwizi ataibeba pamoja na ushahidi wake, wala juu ya dari chini ya bati, ambako joto la mchana litaimaliza. Stoo yenye kufuli na tundu la hewa inafaa.

Umeme ukikatika, au luku ikiisha usiku wa manane, mfumo wote hulala isipokuwa una akiba. Uzuri wa PoE ni kwamba akiba moja, ikiwekwa penye swichi, hulisha kamera zote. Kamera nne za wati 6, NVR na ruta ni kama wati 50. UPS ndogo ya madukani yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 haitafikisha saa moja kwa mzigo huo. Betri ya ampea-saa 100 ikitumika nusu tu, ili idumu, pamoja na inveta, hutoa kama saa kumi, yaani usiku mzima. Radi ni jambo jingine, hasa wakati wa masika. Kamera iliyo juu ya nguzo ya chuma ukutani ni mwaliko kwake, kwa hiyo weka kinga ya mshtuko wa umeme kwenye kebo inapoingia ndani, iliyounganishwa na ethi ya kweli iliyopimwa. Kinga isiyo na ethi haikingi kitu. Kati ya nyumba mbili zenye ethi tofauti, faiba ni salama kuliko shaba, maana kioo hakipitishi umeme.

Mfumo ukiunganishwa na intaneti, badilisha nywila za kiwandani siku hiyohiyo. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodia duniani kote kwa kujaribu nywila hizo tu, na mwezi Oktoba mwaka huo kikazitumia kushambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Angalia vilevile kamera inatazama wapi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, dirisha la jirani na chumba cha dada wa kazi si mahali pa kamera. Mashine nyingi zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa weusi, na nashauri jirani aonyeshwe kwamba dirisha lake limefunikwa.

Kazi ipokelewe usiku. Mtu asimame getini saa mbili, mwingine asimame kwenye uchochoro, na aliye ndani aseme kama anawatambua kwa sura, taa za nje zikiwa zimezimwa na umeme wa TANESCO umekatwa kwenye swichi kuu ili akiba ijaribiwe. Kila kebo iwe na lebo pande zote mbili, na ramani ibaki kwa mwenye nyumba.

Kwa yule mzee wa Mbezi ilitubidi kubomoa mita saba za lipu, kwa kuwa kebo ilikuwa imefukiwa humo bila bomba. Tulipitisha mabomba, tukavuta kebo ya shaba na kuweka swichi ya PoE stoo. Kamera ya kwanza kabisa, ile aliyoambiwa imekufa, ilikuwa kwenye kiroba pamoja na bawaba mbovu na makopo ya rangi, na ilikuwa na uwezo wa PoE tangu ilipotoka kiwandani. Tuliifuta vumbi, tukaifunga, tukasubiri magharibi. Ndiyo inayotazama geti lake hadi leo.